Geji ya Oili ya Lori la Elifasi

Sekei, Jumapili jioni. Masika.

Mvua imeshinda ikinyesha, na Mlima Meru haujaonekana tangu tulipomzika shemeji yangu Rakeli. Kanisani sikwenda. Nimeshinda barazani na geji ya lori mapajani, na sasa kwa kuwa nimekwisha kuifungua, natamani ningaliiacha ilivyokuwa.

Niandike kwa utaratibu, kama nilivyozoea kufundisha kabla sijastaafu.

Lori ni la mdogo wangu Elifasi, mume wa Rakeli. Ni kuukuu, aliuziwa na mlowezi aliyekuwa akirudi kwao Uingereza, na hubeba ndizi na kahawa kutoka huko juu mlimani. Mbele ya dereva ipo geji ya oili, kipimo chenye mshale wa kuonyesha msukumo wa oili, na sheria yake kila dereva anaijua: injini ikinguruma na mshale ukalala kwenye sifuri, zima mara moja. Oili haifiki, vyuma vinasagana, na injini itakufa njiani.

Siku Rakeli aliposhikwa na tumbo, Elifasi alimpakia, akawasha. Mshale ukalala. Akazima, akawasha tena. Ukalala. Basi akaita majirani, na kama ilivyo desturi yetu, kila nyumba ikatoa mwanamume wa kubeba machela. Walishuka naye kwenye utelezi, wakipokezana mabegani. Njia ile husawazishwa pale tu mkubwa wa serikali anapotarajiwa kupita.

Rakeli alikata roho kabla hawajaifikia barabara kuu.

Jana Elifasi aliniletea geji hii ndani ya kitambaa. "Ifungue, kaka," alisema. "Nataka kujua mbovu ni hii au ni injini." Halafu akaondoka, hata chai hakunywa.

Geji za namna hii hazikutengenezwa zifunguliwe. Hazina skrubu. Kioo kimeshikwa na pete ya bati, na ukingo wa pete umekunjwa kwa nyuma na kubanwa kiwandani. Mwenye haraka hupenyeza bisibisi akang'oa, bati likachanika. Mimi nilichukua kisu butu, nikainua ukingo kidogo, nikaizungusha geji, nikainua kidogo tena.

"Mwalimu, hicho si kisu changu cha mkate?" mke wangu akauliza kutoka jikoni.

"Nitakirudisha."

"Kikinuka oili, mkate utakula wewe peke yako."

Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Pete ilipotoka, niliona kimrija bapa cha shaba kilichopinda kama mundu. Oili ikisukuma, kimrija hutaka kunyooka, na hapo huvuta kijiti chembamba kinachogeuza mshale. Nikaunga pampu ya baiskeli kwa nyuma, nikasukuma. Kimrija kikajinyoosha vizuri. Mshale haukutikisika.

Pini inayokishika kijiti ilikuwa imelika, kijiti kimechomoka.

Nilifikiri niukunje ukingo, nimwambie sikuona kitu. Badala yake nilitengeneza pini kwa kipande cha sindano. Mikono ilikuwa imekwisha kuamua kabla yangu.

Elifasi alikuja alasiri, ameloa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Vua koti, ukae."

Hakuvua. Aliitazama geji, akaichukua pampu, akasukuma mwenyewe. Mshale ukapanda hadi arobaini. Akaachia, ukashuka. Akasukuma tena, ukapanda tena.

"Kumbe lori lingefika," alisema.

Nikaanza kumweleza. Nilisema geji mbovu si ushahidi kwamba injini ni nzima. Nilisema fundi yeyote angezima. Nilisema kwa utelezi ule lori lingeweza kuserereka hadi mtoni pamoja nao wote. Yote ni kweli.

"Kaka," alisema taratibu, "leo usinifundishe."

Tulikaa tukisikiliza mvua.

Alipoondoka alisimama kwenye ua wangu, akakata jani la sale, akaliingiza ndani ya koti lisiloe. Kwetu, uliyemkosea ukimpelekea jani la sale hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Nilimsindikiza kwa macho mpaka akapotea migombani, akielekea juu, kaburini. Katika umri wangu wote sijapata kusikia sale ikipelekwa kwa aliyekwisha kuzikwa.

Geji nimeifunga. Ukingo umerudi na makunyanzi yake, lakini kioo kimeshika. Kesho nitapanda nayo nikairudishe mahali pake, maana ndizi zinaiva na wanawe lazima wale. Nitakaa kando yake atakapowasha. Mshale utapanda, nasi tutauona wote wawili.

Sitamweleza kitu.