Nimelinganisha Pedali Mbili za Gitaa, Masikio Yangu Yamenisaliti

Mama Rozalia, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi hapa Mwandiga, naomba uninusuru kabla sijarukwa na akili, maana nimechanganyikiwa na jambo ambalo nikimweleza mtu atacheka, na wewe usipocheka utanigombeza, na vyote viwili nimekubali. Majina ya watu nimeyabadilisha.

Mimi ni fundi cherehani, na pia napiga gitaa la solo kwenye kwaya ya kanisa letu, gitaa la umeme. Kwa wasiojua, gitaa hilo likiwa peke yake sauti yake ni nyembamba, kwa hiyo kuna kiboksi cha chuma tunachokikanyaga kwa mguu, tunakiita pedali, ziko za aina nyingi lakini hizi zetu ni ovadraivu, zinafanya sauti inenepe na ikwaruze kidogo, kama mtu anayeimba huku kilio kimemkaba, na kila moja ina nobu tatu za kuzungusha, ya mkwaruzo, ya ukubwa wa sauti na ya wembamba.

Kwaya yetu ilikuwa na wapiga solo wawili, mimi na Elikana, mtu wa Mwamgongo aliyekuwa anaishi Gungu, kila mmoja na pedali yake, yangu ya bluu niliagiza Dar, yake ya njano aliletewa na shemeji yake kutoka Bujumbura, na tulikuwa tunapokezana, Jumapili hii mimi, Jumapili ijayo yeye. Sasa Mama nikwambie ukweli, Jumapili ya Elikana watu walikuwa wanatoka ibadani wanaliiga gitaa lake kwa midomo mpaka barabarani, na Jumapili yangu wanatoka wanaulizana nyumbani kumepikwa nini. Hata mke wangu Jovita, ambaye anaimba sauti ya pili, siku moja nilimkuta anakaanga samaki, migebuka, huku analiimba solo la Elikana, nikamuuliza unaimba nini, akasema sijui, imenijia tu. Iliniuma sana.

Basi mwaka jana wazee wakaanza kulalamika kwamba magitaa yamezidi kelele, kamati ikasema wapiga solo tuonyeshe hizo pedali zetu wasikie ipi ina tatizo, na siku hiyo Elikana alikuwa Mwamgongo kwenye msiba wa baba yake mdogo, vifaa vyake viko stoo ya kwaya, kwa hiyo nikazipiga zote mbili mimi. Yangu ikalia vizuri. Ya Elikana ilipolia, Mama Winfrida, mjumbe ambaye wote tunamwogopa, akaziba masikio akasema, "Hiyo ni sauti ya baa, mwanangu, hiyo si ya madhabahuni." Kamati ikaamua Elikana apumzike kwanza. Unajua kupumzika kwa kanisani kulivyo, mtu akishapumzishwa hakuna anayekuja kumwamsha.

Aliporudi na kuambiwa, asubuhi yake akaja kwenye cherehani yangu na ile pedali ya njano mkononi. "Mwakeye, kaka," akanisalimia, kisha akasema, "kuna mtu alizizungusha nobu zangu huko stoo. Nimezirudisha, nimeweka alama na rangi ya kucha ya mama watoto. Wewe ndiye unabaki na kwaya, ichukue itawafaa, ila usizisogeze hizo." Halafu akaniuliza, "Hivi wewe unajua ni nani alinichongea kwa kamati?" Nikamjibu sijui, kaka. Akanishukuru. Mwezi huohuo akahamisha familia, wakarudi Mwamgongo, sasa ananunua dagaa na kuwaleta mjini, na wanaomjua wanasema gitaa amelitundika ukutani, haligusi.

Pedali yake nikaifungia kabatini. Sasa mwisho wa mwezi huu kwaya inarekodi, na mwalimu wetu Gasper amenisimamisha mbele ya watu wote akasema, "Hiyo sauti yako inakwaruza kama bati linaburutwa kwenye mawe, tafuta nyingine." Nikakasirika, nikaenda nyumbani nithibitishe kwamba masikio ya Gasper ndiyo mabovu. Nikamwambia Jovita mimi nitageukia ukutani, wewe chomeka waya kwenye pedali unayotaka, usiniambie ni ipi, nitapiga kipande kilekile mara kumi na kila mara nitasema ni nzuri au mbaya, wewe andika. Akaandika kwenye daftari langu la vipimo. Mara tano nikasema hii nzuri, mara tano nikasema hii mbaya, bila kusitasita hata mara moja, nikageuka nacheka nikamwambia umeona, bluu hiyo. Jovita akaniangalia, akasema, "Baba, zote tano nzuri ni za Elikana." Nikamwambia umechanganya waya, tukarudia, ikawa vilevile. Akasema, "Basi si mumwite tu arudi? Alhamisi kwenye mazoezi namwambia Gasper." Nikamwambia subiri kwanza. Akaniuliza, "Nisubiri nini?" Nikachukua mkasi nikarudi kwenye vitambaa vyangu, na tangu hapo ananiangalia kwa namna ambayo siipendi.

Nikazipeleka zote kwa Thobias, fundi redio, nikamwambia zifungue uniambie ya njano ina nini ambacho yangu haina. Akazifungua, akacheka. "Kaka, hizi mapacha. Kilichotofautiana ni rangi ya nje. Wewe umejaza mkwaruzo mpaka mwisho, mwenzako kauweka kidogo tu halafu sauti kaipandisha." Nikarudi nyumbani, nikaziweka nobu za pedali yangu sawasawa na zile alama za rangi ya kucha, na Mama, ikalia kama yake.

Ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Kama pedali ni mapacha, ile sauti ni ya nani? Nikirekodi kwa pedali yangu mwenyewe niliyoinunua kwa jasho langu, ila nobu nimeziweka kama zake, je huo ni wizi? Au nitumie ya njano? Au nirekodi bila pedali kabisa? Kichwa kinazunguka mpaka kazini naharibu, tunashona sare za kurekodi, mashati kumi na nane, juzi nimehesabu vitambaa nikakuta nimekata kumi na tisa, la kumi na tisa ni la vipimo vya Elikana, na sikumbuki nililikata saa ngapi.

Nimesoma barua hii tangu juu nikaona kuna kitu sijakisema. Siku ile ya kamati, kabla hawajaingia, mimi ndiye niliyezungusha nobu ya mkwaruzo kwenye ile ya njano mpaka mwisho. Yangu nikaishusha. Hata Jovita hajui. Nishauri, Mama, nitumie pedali ipi?

Mpiga Gitaa, Mwandiga

MAMA ROZALIA ANAJIBU

Marahaba, mpiga gitaa. Sikucheka. Nilipoanza kusoma nilidhani pedali ni za baiskeli, lakini nilipofika mwisho nilikuwa nimekielewa hicho kiboksi kuliko unavyokielewa wewe.

Barua yako imetaja pedali mpaka nimechoka kuhesabu, na neno wivu halimo hata mara moja. Umelizunguka kama watu wanavyolizunguka shimo la choo gizani. Sasa nimekuandikia mimi, lisome kwa sauti hapo ulipo, kisha tuendelee.

Nakuhurumia, na sikutanii. Kusimama kila wiki karibu na mtu anayekuzidi kwenye kitu unachokipenda, na mke wako mwenyewe analiimba solo la huyo mtu jikoni, ni mateso, na wengi wangeungua ndani kama ulivyoungua. Lakini wengi wangeishia kununa. Wewe ulingoja mwenzako aende kuzika, ukaingia stoo.

Umeniuliza kama kuziweka nobu zako kama zake ni wizi. Hapana. Wapiga magitaa wote wamejifunza kwa kuibiana kwa masikio, na Elikana mwenyewe alikuwekea alama ili usipotee. Inakuwa wizi pale tu unaposhindwa kutaja mbele za watu ulikojifunza. Je, wewe unaweza kutaja? Kama ungeweza, usingeniandikia.

Na kuna jambo hujaliona, au umeliona ukafumba macho. Ile sauti iliyomfanya Mama Winfrida azibe masikio ilikuwa ya namna gani? Mkwaruzo uliojazwa mpaka mwisho. Hivyo ndivyo unavyopiga wewe kila Jumapili, na sauti hiyohiyo ndiyo Gasper aliyoikataa. Kamati ilisikia sauti yako, ikamfukuza Elikana. Masikio yako hayajakusaliti hata kidogo, mwanangu. Yalikuwa yanajua toka mwanzo, ndiyo maana ulienda kuzungusha ile nobu.

Sasa nisikilize. Leo, kabla hujalala, mwambie Jovita, tena umwambie yote pamoja na stoo. Umebadilisha majina, lakini mafundi cherehani wa Mwandiga wanaopiga solo kwenye kwaya mko wangapi? Gazeti hili likifika kwake kabla yako, hutakuwa na la kumwomba. Atakasirika. Mwache akasirike, usimharakishe, ana haki ya kuuliza amelala na nani miaka yote hii.

Kesho funga cherehani, nenda Kibirizi upande boti ya Mwamgongo. Nenda peke yako. Usimchukue Gasper akusindikize ili aibu igawanywe. Lile shati la kumi na tisa liache nyumbani, maana ukitangulia na shati unampa hongo, na mtu aliyeshika zawadi mkononi hana nafasi ya kukasirika. Pedali yake chukua umrudishie, alikupa kabla hajajua ni nani aliyemchongea. Ukifika usianze na habari ya kurekodi. Mwambie: ulipokuwa msibani nilizungusha nobu zako mbele ya kamati ili uonekane mbaya, niliona wivu, na uliponiuliza ni nani, nilikudanganya. Maneno ni hayo tu. Usimwambie "kama nilikukosea". Hakuna "kama" hapo. Akikutukana, tukanwa. Akinyamaza, usijaze wewe ule ukimya kwa kumsomea mistari ya msamaha, yeye Biblia anayo.

Ukirudi, omba kamati ikutane, usimame, uyaseme yaleyale, Mama Winfrida akiwepo. Kisha uwapigie pedali yako mara mbili, kwanza mkwaruzo ukiwa umejazwa kama unavyoupiga wewe, halafu nobu zikiwa kwenye alama za Elikana, wao wakiwa wamegeuka kama wewe ulivyogeukia ukutani, wasikie wenyewe walichokiondoa. Kama watakupumzisha na wewe, pumzika.

Neno langu la mwisho ni hili, na hili ndilo utakalotaka kulikwepa. Usiende Mwamgongo ukitarajia kurudi na mpiga solo. Mlimtoa mtu, hamkutoa kiboksi, na mtu anaweza kukusamehe kwa moyo wake wote na bado asitake kusimama tena mahali mlipomdhalilisha. Akikataa, usimbembeleze kwa jina la Mungu. Kamati ikikuruhusu, utarekodi wewe, vile ulivyo, na rekodi ikitoka, watu wakauliza mbona kwenye solo kuna kitu kinapungua, usiwaambie ni mitambo. Waambie ni Elikana.