Daraja limegeuka kijani

Catherine, uko? Bosi Kaleb kachezea rangi za daraja la Misima!

Picha ya kompyuta niliyotoa juzi ilikuwa nyekundu katikati, pale chuma kinapozidiwa na mzigo. Leo kikaoni kaonyesha kijani tupu!

Mzee Kimaren, ambaye ng'ombe wake ndio watapita pale, akauliza: "Juzi binti huyu alinionyesha pekundu hapa. Mmeongeza chuma?"

Kaleb akacheka. "Hizo ni rangi tu, mzee."

Rangi tu!!

Nimefungua faili sasa hivi. Mkazo kwenye chuma kile ukizidi megapaskali 250, kinapinda. Yeye kapandisha nyekundu ianzie 600. Hakuna kingine alichogusa, hata msumari.

Nikajiuliza mbona hana wasiwasi.

Chini ya ile picha ya kijani kuna jina moja tu. Langu.