Jicho Lililomwona Baba

Jumanne, tarehe 14 Mei. Asubuhi manyunyu, kuanzia saa nne jua.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Wifi je, na wanangu, wamepona kikohozi? Mimi ni mzima, mafua yalinipitia wiki iliyopita yakachoka nami yakaondoka. Mama ndiye habari yenyewe, lakini usianze kuruka mistari kama kawaida yako. Yuko salama, amelala, na nitafika kwake kwa utaratibu. Cheka tu. Baba hakuniita Karani bure.

Unaikumbuka siku Baba alipochanganya rangi ya sebuleni? Alikuwa uani na kopo la maziwa, sisi tumechuchumaa pembeni tukigombania kijiti cha kukorogea. Nyeupe nyingi, buluu kidogo, halafu nyeusi ya kuchovya ncha tu ya kijiti, ili buluu, alivyosema, isipige kelele ndani ya nyumba. Alipaka kidogo kwenye ukucha wa dole gumba akampelekea Mama jikoni. Mama akasema bado. Akarekebisha, akarudi. Bado. Mara ya tatu akampelekea ile ile bila kuiongezea kitu, na Mama akasema hapo sasa. Wewe ulicheka mpaka ukafukuzwa uani. Tangu Baba atutoke, ukuta ule naurudia kuupaka mimi. Dukani nachanganya rangi za watu kutwa nzima. Yetu naijua bila kupima.

Mama alipofanyiwa upasuaji wa lile jicho la kulia, mwezi wa pili, hukuwepo. Daktari alitueleza kwamba mtoto wa jicho haleti ukungu peke yake. Kioo cha ndani ya jicho hugeuka manjano pole pole, kama gazeti lililosahauliwa dirishani, na rangi inayomezwa kwanza ni buluu. Mwenyewe hatambui, kwa sababu hakuna siku moja ambayo dunia inabadilika. Basi bandeji ilipotoka Mama akasimama katikati ya sebule akauliza nani amepaka ukuta upya bila kumwambia. Kisha akanigeukia, akauliza hizi mvi nilipanga kumtangazia lini. Kisha akaona vumbi juu ya kabati, na hapo, Kaka, nilisemwa mpaka nikatamani turudi kwa daktari akamrudishie jicho lake.

Baadaye nikaanza kumkuta ameketi peke yake, kiganja juu ya jicho moja, kisha juu ya jingine, kama mtu anayefunga na kufungua dirisha. Zamu ya jicho la kushoto ilipofika akakataa kwenda. Akapangiwa siku nyingine, akakataa tena. Nilikwambia kwenye simu kwamba presha ilipanda, nawe ukafoka kwamba namdekeza, kwamba daktari ameonya likizidi kuiva litakuwa gumu kutolewa na anaweza kulipoteza kabisa. Ulisema kweli. Presha ndiyo haikuwa ya kweli, niliitunga mimi. Sikujua sababu yenyewe, na kila nilipomgusia alinitania kwamba mtoto huyo amemlea mwenyewe miaka mingi, haombi ada wala viatu, tumwachie.

Wiki mbili zilizopita, tukikunja nguo, ndipo aliponiambia. Alisema miaka yote ya mwisho ya Baba alimwona kwa macho yale ya zamani. Shati lake, nywele zake, ukuta nyuma ya kiti chake, vyote vilipita kwenye kioo kile cha manjano. Jicho jipya ni zuri, alisema, linasoma hata maandishi ya chupa za dawa, lakini halijamwona Baba hata siku moja. Akilifunika na kukitazama kiti kwa lile la zamani, sebule inakuwa ile ile aliyoachiwa. Sasa hilo nalo likitengenezwa, akaniuliza, yeye akatazamie wapi?

Nilimaliza kukunja shuka nikaenda kuziweka kabatini.

Siku iliyofuata mteja alileta dukani kipande cha plasta ya ukutani nimfananishie rangi, na nikiwa namkorogea ndipo wazo likanijia. Jioni nikarudi na makopo madogo na kipande cha ubao. Nikamketisha Mama, nikamwambia afunike jicho jipya na kuutazama ukuta kwa la zamani. Kisha afunike la zamani, autazame ubao kwa jipya, aniambie kama ni rangi moja.

Nikaanza na mchanganyiko wa Baba. Akasema bado. Nikatia manjano. Bado. Tone la kahawia. Bado, na kwa nini nakoroga kwa pupa kama baba yangu. Nilipochoka nikajaribu ujanja wake, nikampelekea ile ile. Akaniambia nisimfanye mjinga. Hata siku ile alijua, alimkubalia Baba kwa sababu chungu kilikuwa kinaungua.

Tuliendelea hivyo jioni kadhaa, kwa mwanga wa dirishani tu, maana taa hudanganya rangi. Juzi Jumapili akafunika, akafunua, akafunika tena. Halafu akasema hapo sasa, kwa sauti ndogo.

Kaka, niliuangalia ubao ule kwa macho yangu mwenyewe. Ni kijani kilichochoka, kama maji ya chombo cha maua ambayo hakuna aliyekumbuka kuyabadilisha. Hiyo ndiyo sebule yetu aliyokuwa akiiona. Tulikaa chumba kimoja, tukisifu ukuta mmoja, kumbe buluu ile mimi niliiona peke yangu. Mama aliutazama ubao kwa jicho jipya kwa muda mrefu. Kisha akasema kumbe wanawe tulimwacha akaishi kwenye uchafu namna hii, na mume wake naye mchafu hivi hivi, na bado akampenda. Akacheka mpaka akalia. Alipofuta machozi akaniambia nimpigie daktari.

Amefanyiwa leo asubuhi, na daktari ameridhika. Bandeji inatoka kesho. Ubao nimeuegemeza nyuma ya mlango wa chumba changu, upande wa rangi ukiwa ukutani. Akiuomba nitampa. Asipouomba sitamkumbusha, nawe nakuomba usimkumbushe.

Mkumbatie wifi kwa ajili yangu, na wanangu uwaambie shangazi hajawasahau. Mama anakusalimu sana, na anasema ukija ujiandae, kitambi chako sasa atakiona kwa macho mawili.

Mdogo wako akupendaye,
Karani

Saa tano na robo usiku. Nimechungulia chumbani kwake, anapumua vizuri. Nalala.