Jino la Mtihani wa Dada

Chumba cha nyuma, kwa Mama,
Jumatano, tarehe 9 Julai.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naanza nayo usije ukasema dada yako amezaa mtoto asiye na adabu. Mgongo unaendeleaje? Na kile kitambi, bado kinakutangulia mlangoni? Huku sote wazima. Mama hajambo, ila amekosa raha, na sababu ni mimi. Bora uyasikie kwangu kabla Dada yangu hajakupigia.

Unajua Dada anamaliza udaktari wa meno. Mtihani wao si wa kalamu tu. Kila mwanafunzi anakuja na mtu wake mwenye jino bovu, analisafisha tundu, mtahini analikagua, ndipo analiziba. Wenzake walihangaika kutafuta watu. Yeye alikuwa na mimi hapa hapa nyumbani, gego limetoboka kama la kuagizwa. Nikatamba wiki nzima kwamba bila mimi hapati udaktari.

Siku yenyewe nikakuta viti kumi na viwili mstari mmoja, na wasichana wazuri wenye makoti meupe. Ilipotolewa sindano ya ganzi nikasema kwa sauti kwamba mwanaume kama mimi hachomwi. Ukweli, Mjomba, niliiogopa ile sindano. Tundu lilionekana dogo, Dada akakubali. Akaninong'oneza, "Haya, shujaa. Lakini ikiuma tu, inua mkono. Mimi sioni ndani ya jino, wewe ndiye wa kuniambia nimefika wapi."

Nikavishwa mpira mdomoni wa kuzuia mate, maana ile dawa nyeupe ya kuzibia ikiguswa na mate haishiki. Keekee ya kuchimbia jino ikaanza kulia. Siku hizi hawachimbi ovyo; wanatoa kilichooza, kizima wanakiacha. Ila langu lilikuwa na mlango mdogo, ndani ghala. Maumivu yakaja. Mkono nikaukalia. Nilidhani nikiinua, Dada atakatwa alama, na wale wasichana watanicheka. Yakaja tena, makali zaidi. Nikakodolea taa.

Chozi ndilo lililonichongea. Liliteremka hadi sikioni, na mtahini, mama mmoja wanayemwita Kimya, akaliona.

"Acha hapo hapo," akamwambia Dada. Kisha mimi akaniuliza: "Kijana, imeanza kuuma lini?"

Nilitaka kudanganya. Nikayaona macho ya Dada juu ya barakoa. Nikajibu na mpira wangu mdomoni, "Kitambo."

Chini ya tundu palishaanza kuonyesha wekundu. Kilichobaki kabla ya kiini cha jino, ile nyama hai ya ndani, kilikuwa chembamba kama karatasi. Dada akaweka dawa ya kutuliza, akapaka gundi, akajaza tabaka juu ya tabaka, kila moja akilimulika kwa taa ya buluu mpaka likaganda. Limetoka zuri, Mjomba, huwezi kulijua. Hata hivyo Kimya hakutoa alama. Aliandika: lipimwe baada ya wiki sita. Kiini kikiwa hai, amefaulu. Kikifa, anarudia mwaka mzima.

Wiki sita zinatimia keshokutwa, Ijumaa. Kila asubuhi Dada ananigusisha barafu jinoni, anahesabu sekunde mpaka niseme maumivu yameisha. Maumivu yakija na kuondoka upesi, jino ni zima. Yakikaa, linakufa. Jumatatu yaliondoka kwenye mbili. Jana, mbili. Leo kafika mbili, bado yapo. Ningesema "tayari" hapo, nani angejua? Nikasubiri mpaka yalipoisha kweli, kwenye nne. Ndipo nikasema.

Akaandika nne kwenye daftari, akalifunga, akaniuliza kama nimeshakunywa chai.

Tuombee, Mjomba. Na usinicheke kwanza, subiri Jumamosi.

Msalimie sana Mama Mkwe wako na umwambie asikuonee huruma, pamoja na Shangazi mkeo na yule Bondia mwanao, mwambie namweza bado. Mungu awafunike kwa heri na mgongo wako aunyooshe.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
mwenye jino.