Balbu Niliyoishusha

Baba Mwanaheri,

Chai iko kwenye chupa, maharage ni ya kupasha tu. Dirisha la duka usilifungue mpaka nirudi.

Asubuhi, wewe ukiwa Chala, alikuja bwana wa halmashauri kukagua taa za nje. Kanuni yao ni kwamba taa kali ni ya duka lenye leseni. Nyumba ya kuishi iweke taa ndogo yenye kofia, isiwamulike majirani. Akaniuliza, "Hapa ni duka au nyumba?" Nikaogopa habari ya leseni ambayo hatuna, nikasema nyumba. "Basi shusha hiyo balbu." Nikapanda stuli, nikaishusha kwa mkono wangu mwenyewe, na huku najua mama yako bila mwanga ule haioni njia ya chooni.

~~Mwambie imeungua.~~ Hapana, usimwambie hivyo. Alikuwa hapo uani anaota jua, kasikia yote. Alisema tu, "Sawa, mwanangu." Halafu akachukua fimbo, akafumba macho, akaanza kuhesabu hatua kutoka mlangoni hadi chooni. Kwenye kumi na saba akapotea. Akarudi mlangoni, akaanza upya.

Nikashindwa kukaa. Nimekwenda halmashauri kuwaambia ni duka, watufanye watakavyo. Ukitaka kunigombeza, ngoja nirudi.

Giza likinikuta huko, fuatana na mama yako akienda chooni. Akikataa mkono wako, tembea nyuma yake kimya, usimpotezee hesabu.

Mama Mwanaheri