Mistari Iliyopinda na Sindano ya Pili

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana nimejitia kitanzi mwenyewe. Mimi ni msusi, na kwa kuvuta nywele za watu mwaka hadi mwaka kiwiko cha kulia kilianza kuuma nikawa siwezi kuinua birika wala kujichana, daktari akasema kano imechoka, akanichoma sindano ya kutuliza maumivu pale pale kiwikoni. Nikiwa bado nasubiri nafuu, mume wangu, fundi wa mafriji, mtu ambaye maneno yake ya wiki nzima yanaenea kiganjani, akaniketisha kwenye kigoda akaanza kunisuka mwenyewe. Anavuta kama anakaza nati, mistari inapinda, wateja wananicheka eti kinyozi hajinyoi, nami siifumui ng'o, kwa sababu, mshauri, kichwa changu kikiwa magotini mwake anaongea, ananisimulia habari za kazini, za marehemu mama yake, mambo ambayo tangu tuoane sikuwahi kuyasikia. Sasa mkono umepona, wiki kadhaa zimepita, nami namdanganya. Kila jioni ananiuliza, "Bado kinauma?" nami najibu bado. Juzi aliuliza chanuo likiwa tayari mkononi mwake. Kumbe maneno yangu ameyafikisha kwa daktari, na Ijumaa nitachomwa tena, safari hii watanitoa damu, waizungushe kwenye mashine, wanirudishie kiwikoni, naye ameshaomba ruhusa kazini anipeleke. Nikisema nimepona, chanuo litarudi kabatini na yeye atarudi kwenye kimya chake. Nimemkosa mume wangu miaka yote naye yumo humu humu ndani, sitaki kumkosa tena. Nichomwe tu?

Msusi wa Mistari Iliyopinda

Dada msusi,

Hapana, usichomwe. Daktari anatibu kile unachomwambia, na ukimpa uongo atautibu uongo. Wala usidhani umepona milele: sindano kama ile hutuliza, na maumivu huweza kurudi baada ya miezi, hasa kwa anayekimbilia kazi ile ile bila kuupumzisha mkono. Kwa hiyo Ijumaa nenda, ila nenda na ukweli, uombe ufundishwe mazoezi ya kuimarisha mkono, na wateja uwapunguze kwanza.

Nakuonea huruma, maana kumtamani mtu mnayelala naye kitanda kimoja hakuna hata pa kwenda kushtaki. Lakini pia nakugombeza. Utaugua mpaka lini ndipo upendwe?

Hebu isome tena barua yako. Alikuuliza kama bado kinauma, na chanuo alishalishika. Mtu anayengoja jibu hatangulii kuchukua chanuo. Huenda na yeye anaogopa kwamba utapona.

Leo jioni usisubiri aulize. Vuta kigoda, shika chanuo kwa mkono huo huo wa kulia, umpe, umwambie, "Nimepona. Nisuke."