Sungura Aliyevishwa Sweta la Baba Yako

Nyumba ya Manjano,
Barabara ya Kinu,
Cutler's Run, Ohio.
3 Novemba

Mpendwa mwanangu Joelle,

Salamu nyingi zikufikie huko Alaska, wewe na mumeo Anders na mwanenu Soren. Hamjambo? Kifua cha mtoto kimepoa, au bado anakohoa kama nilivyomsikia kwenye simu? Mpake mafuta ya kafuri kifuani kabla hajalala, na usiwasikilize sana hao madaktari vijana. Mimi shangazi yako ni mzima, ila goti la kushoto linanitangazia mvua kila wiki, na mpaka sasa halijasema uongo.

Huku majani yameshapukutika yote. Nimeyafagia ya kwangu, nikayarudia, na jirani yangu Bwana Stroud hajagusa ya kwake hata kidogo. Anangoja upepo uyalete uani kwangu. Maboga nayo yalikuwa hovyo mwaka huu kwa sababu ya mvua za Septemba. Nilichonga moja tu liwe uso wa Halloween, likaanza kuoza kabla ya usiku wenyewe wa watoto kuja na vinyago kuomba peremende, na mtoto mmoja akasema barazani kwangu kwamba linafanana na mwenye nyumba. Niliwapa wenzake peremende, yeye nikampa tufaha.

Sasa nije kwenye jambo ulilonituma. Ulipoandika kiangazi, baada ya mazishi ya baba yako, uliniomba nikutafutie sweta lake, lile la kahawia alilofumiwa na bibi yako Hester. Ulisema hutaki kitu kingine katika nyumba ile, si saa, si bunduki, si ile sahani ya fedha, ila sweta peke yake. Mama yako wa kambo alikuwa amekuambia limeliwa na nondo. Nami nikakujibu kwamba Rhonda hajapata kusema kweli tangu aolewe na kaka yangu, na kwamba nitalipata hata kama amelilalia. Nimelipata, mwanangu. Kaa chini kwanza.

Unaikumbuka desturi ya maktaba yetu. Kila Oktoba kila mmoja wetu sisi wafumaji anamfumia mdoli wake vazi la Halloween, tunawapanga dirishani, na Jumamosi ya mwisho watoto wanapita na kutia peremende kwenye chupa ya mdoli wanayempenda. Mwenye chupa iliyojaa ndiye mshindi, na hapati kitu ila sifa. Kwa sifa hizo nimeona wanawake wazima wakinuniana mpaka Pasaka. Nami ni mmoja wao, sikatai.

Mwaka huu dubu wangu nilimvisha kama ile sanamu ya shambani ya kutishia ndege, na majani makavu yakitokeza mikononi, kila kitanzi cha uzi kimelala mahali pake. Kazi safi. Rhonda akaja na sungura wake Otis, yule mwenye masikio marefu na jicho moja la kifungo, amemfumia ngozi ya mbwamwitu. Rhonda hajui kufuma. Vitanzi vyake vimelegea, na mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine. Lakini watu wote walijaa mbele ya sungura yule, wakisema manyoya yake yamejikunja kama ya mnyama wa kweli.

“Rhonda, umefanyaje mpaka uzi ukakubali kujikunja hivi?” akamuuliza Bi Pruitt, mkutubi wetu.

“Siri ya jikoni,” akasema Rhonda, akajichekea.

Siri hiyo hata mimi ninaijua. Uzi uliokaa miaka mingi ndani ya sweta, ukija kufumuliwa, hubaki na mikunjo ya vitanzi vya zamani. Mfumaji mwenye akili huufua kwanza, akautundika na kitu kizito mpaka unyooke, ndipo aufume upya. Rhonda hakuufua. Basi nikaitazama rangi. Bibi yako aliutia uzi ule rangi kwa maganda ya jozi, zile kokwa za mti ulio nyuma ya ghala, na maganda yakamwishia kabla ya kumaliza, ndiyo maana mkono mmoja wa sweta ulikuwa umepauka. Mkia wa mbwamwitu yule ulikuwa umepauka vilevile. Mimi na baba yako tulimsaidia kuyaponda, mikono yetu ikabaki myeusi majira yote ya baridi, na shuleni wakatuita wachimba makaa. Rangi ile hakuna duka linaloiuza.

Joelle, nilisikia damu inanipanda mpaka masikioni. Wewe unalilia sweta lile huko barafuni, na sungura wa pamba amelivaa dirishani.

Ningeweza kwenda kumsema nyumbani kwake siku ileile. Sikwenda. Aibu ya jikoni, ya watu wawili, isingenitosha. Nilingoja Jumamosi, watu wajae, watoto wawe kwenye foleni na peremende zao mkononi. Hapo nikanyoosha mkono, nikamtoa Otis dirishani, nikatafuta ncha ya uzi. Kwa mfumaji mzuri ungeitafuta mpaka macho yaume, maana huipitisha ndani ikapotea. Rhonda anafunga fundo tu kama anayefunga gunia. Niliikuta nyuma ya sikio. Nikaikata kwa meno, nikaanza kuvuta.

Sikio la kwanza likaisha, likafuata la pili. Watoto walidhani ni sehemu ya michezo, wakacheka na kupiga makofi, mpaka uso wa mbwamwitu ulipoporomoka, meno yakaanguka sakafuni, na msichana mmoja aliyevaa mbawa za popo akaangua kilio. Mimi naendelea kuvuta.

“Nadine! Una wazimu?” Bi Pruitt akapiga kelele, yeye anayetukataza hata kunong'ona humo ndani.

“Namvua sungura nguo ya wizi. Muulizeni wifi yangu alikoitoa.”

“Kijicho hicho!” akasema Bwana Stroud kutoka nyuma. “Chupa ya dubu wake tupu, ndiyo maana.”

Watu wakacheka. Niliwaacha wacheke, nikijua zamu yao ya kunyamaza inakuja. Rhonda alikuwa amesimama karibu na meza ya maandazi, na koti lake lile la zambarau. Nilitegemea atalia, au atakimbilia mlango. Hakufanya hata moja.

“Vuta, wifi,” akaniambia. “Mbona umesita? Vuta, si ndiyo raha yako.”

“Hili ni sweta la kaka yangu Orrin. Ulimwambia Joelle limeliwa na nondo.”

“Nilimwambia nilichoagizwa.”

“Uliagizwa na nani?”

“Na mwenye sweta.”

Watu wakasogea karibu, hata yule mwenye mbawa. Sasa nakuandikia maneno ya Rhonda kama yalivyomtoka, sikuongeza chumvi.

“Orrin alikaa kitini na sweta hilo juma zima la Pasaka, amenyoa ndevu, anamngoja binti yake. Binti akapiga simu. Kazi zimembana, atakuja kiangazi. Haya. Orrin akanirudishia simu, akalivua sweta mwenyewe, na mnajua kwa ugonjwa ule alivyokuwa hawezi hata kujifunga vifungo. Akaniambia, ‘Fumua.’ Nikamwambia, Orrin, acha hasira. Akasema, ‘Fumua, Rhonda. Joelle akiliulizia, mwambie nondo. Na uzi wake asivae mtu.’ Akanyoosha mikono yote miwili, hivi, mimi navuta namzungushia. Jioni nzima. Mikono ilikuwa inatetemeka, na hakuishusha.”

“Nyamaza, Rhonda,” nikasema.

“Sinyamazi. Umeniuliza mbele za watu, utajibiwa mbele za watu. Alisema asivae mtu. Sungura si mtu. Na huo uzi sikuufua kwa sababu ulizungushwa kwenye mikono yake. Wewe fundi kuliko wote hapa, niambie, ungeufua?”

Nilikuwa nimesimama pale na sungura aliyevuliwa nusu, uzi umenizunguka miguuni. Mtu mwenye akili angeweka chini kila kitu na kuondoka. Mimi nikauliza, sijui kwa nini mdomo wangu uliniponyoka, “Na mimi je? Alisema nini juu yangu?”

Rhonda akanigeukia.

“Wewe?” akasema. “Hakukutaja, wifi.”

Hapo Bwana Stroud hakucheka tena. Heri angecheka.

Ukitaka kujua mashindano yaliishaje, Otis alishinda. Bi Pruitt alimrudisha dirishani vilevile, kichwa na kifua vya sungura, kiuno na miguu ya mbwamwitu, na mtoto mmoja akasema kumbe huyu ni yule mbwamwitu wa hadithi anayejigeuza usiku, amekutwa na alfajiri kabla hajamaliza kujigeuza. Basi wakamjazia peremende mpaka zikamwagika. Kwa hiyo mimi niliyekwenda kumwaibisha Rhonda ndiye niliyemshindisha. Wananipisha dukani sasa kama mtu mwenye upele.

Kesho yake Rhonda alikuja kwangu. Hakuingia. Aliweka kikapu barazani, ndani yake uzi wote uliobaki, mwingi, maana sungura mmoja hamalizi sweta la mtu mzima, na juu yake yale mabaki ya vazi la Otis. “Chukua,” akasema. “Nimechoka na ukoo wenu.” Akaingia garini. Nilitafuta jibu la kumchoma, nikalipata alipokuwa ameshafika kwenye kona.

Nimefikiri sana kama nikueleze au nikufiche. Lowell, binamu yako, alisema nikuandikie kwamba ni nondo kweli, mambo yaishe. Nimekataa. Umeomba ukweli wa sweta, na huu ndio. Namwamini Rhonda neno kwa neno, kwa sababu kaka yangu ndivyo alivyokuwa. “Nakupenda” lilimkwama kooni maisha yake yote, lakini “fumua” lingemtoka bila taabu. Na ndege za kuja huku zilikuwepo, Joelle. Zilikuwepo kila siku ya juma lile, na wewe unajua.

Najua utaniandikia nikutumie uzi. Sitautuma. Mwenyewe alikunyima, nami si wa kumbishia marehemu. Juu yangu hakusema neno, hilo mji mzima umeshalisikia. Ni mimi niliyempelekea supu, niliyemkata kucha, niliyembadilishia shuka Rhonda alipolala amechoka. Nilikaa karibu na kiti kile mpaka mwisho, na jina lililokuwa mdomoni mwake ni lako. Lilikuwa la hasira, ndiyo, lakini lilikuwa lako. Mimi ningeipokea hata hasira hiyo. Nakuonea wivu, mtoto wa kaka yangu, na nakuchukia kidogo kwa ajili ya hilo, na ni afadhali ulisome neno hili kwa mkono wangu kuliko ulisikie kwa Lowell.

Kuhusu ule uzi, nimeufua. Nimeufua kwa maji vuguvugu na sabuni, nikausuuza mpaka maji yakatoka meupe, nikautundika bafuni na jiwe zito kwa chini. Mikunjo yote imetoka. Ukiushika leo huwezi kujua kama uliwahi kuwa kitu kingine, wala kama kuna aliyewahi kuushika. Nimeanza kujifumia soksi. Ya kwanza imeshapita kisigino.

Nisalimie Anders, mwambie picha ya samaki niliipata. Lowell na mkewe Bettina wanakusalimu, na mzee Amos wa gereji anauliza kama huko mnaona jua. Rhonda hakutoa salamu, nami sikumwomba. Mbusu Soren kwenye mashavu yote mawili kwa niaba yangu. Mungu amkuze, ampe nguvu na kazi nzuri mbali na nyumbani, na siku utakayokaa kitini umenawa uso na kuvaa vizuri ukimngoja, aje.

Wako akupendaye hata hivyo,
Shangazi yako,
Nadine